Somo: Soleá ya kuchezwa na bendi ya kupuliza, kuanzia makofi hadi bulería

Wanabendi, hamjambo. Somo hili la soleá, aina mojawapo ya flamenco, nililiahidi tangu Krismasi, na kila nilipokaa kuliandika nikaitwa kwenda kupiga. Kwa msionifahamu: mimi ni mtu wa Tanga, napuliza klarineti ya besi, na kwa sasa nakaa Jerez de la Frontera, katika mkoa wa Andalucía, kusini mwa Hispania. Ni mji ambao ukigonga meza vibaya mgahawani, mzee wa meza ya jirani anageuka kukutazama. Nipo kwenye bendi ya mtaa yenye watu 31: klarineti nyingi, saksafoni, filimbi, obo moja, shaba za kila namna na wapiga ngoma. Kwa miaka miwili tumekuwa tukijaribu kumchezesha mchezaji wa flamenco, muziki na ngoma ya hapa Andalucía, kwa bendi hiyo, bila gitaa.

Nianze na kosa langu, maana ndilo somo lenyewe. Mara ya kwanza niliandika nota za kurasa 14, mwanzo mpaka mwisho, kila baa na namba yake. Mchezaji akaja, mama mmoja wa makamo wa hapa hapa mjini. Tukapiga utangulizi, akaingia, ubeti wa kwanza ukaenda vizuri. Kisha akatujia mbele, akakaza miguu, akapiga visigino na kufunga kwa pigo moja kavu. Kila mtu wa Jerez angejua maana yake: simameni, naanza jambo jingine. Sisi tulikuwa baa ya 61 na zilibaki nne. Tukazipiga zote nne. Yeye akasimama mkono kiunoni, akitungoja kama mtu anavyongoja treni ipite ndipo avuke. Tulipomaliza akasema, “Mnapuliza vizuri. Lakini mnampigia nani?”

Nota zile ziko kabatini mpaka leo. Kwenye flamenco mpiga gitaa hukodolea macho miguu ya mchezaji, na miguu ndiyo inayotoa amri. Ukihamisha ngazi ya sauti, madoido na kelele za “olé” lakini ukaacha amri hiyo, umepata muziki wa tangazo la likizo.

Hatua ya 1: Chagua aina moja tu

Flamenco ina aina nyingi, zinaitwa palos, na kila moja ina hesabu yake, ngazi yake na tabia yake. Alegrías ni ya Cádiz na ina furaha. Siguiriya ni nzito, ya msiba. Tangos huenda kwa mipigo minne na haina uhusiano na tango ya Argentina. Farruca ndiyo mtunzi Manuel de Falla aliyompa msagaji nafaka katika baleti yake ya kofia ya pembe tatu, iliyoonyeshwa London mara ya kwanza 1919, kwa hiyo wanaodai kwamba mambo haya hayaingii kwenye nota za kundi kubwa wamechelewa zaidi ya miaka mia.

Wengi hukimbilia sevillanas kwa sababu umbo lake halibadiliki: sehemu nne, kila kitu kimepangwa. Sawa, ila hutajifunza kufuata miguu. Mimi nachukua soleá. Ni ya polepole, inawapa wapulizaji nafasi ya kufikiri, na mwishoni hupanda mpaka ikawa bulería, ndugu yake ya kasi, kwa hiyo unapata aina mbili kwa jasho moja.

Hatua ya 2: Makofi kwanza, vyombo vibaki kwenye mikoba

Soleá ina mzunguko wa mipigo 12. Chora uso wa saa ya ukutani ubaoni. Mkazo uko kwenye 3, 6, 8, 10 na 12. Semeni kwa sauti, huku mnagonga meza kwa vifundo vya vidole:

moja, mbili, TATU, nne, tano, SITA, saba, NANE, tisa, KUMI, moja, MBILI.

Mnaona nimesema “moja, mbili” mwishoni badala ya “kumi na moja, kumi na mbili”. Wenyewe wa hapa nao hufupisha hivyo hivyo, kwa sababu neno refu linachelewesha mkono. Nusu ya kwanza inatembea tatu tatu, nusu ya pili mbili mbili. Mtu aliyekulia pwani akisikia chakacha, hii si ngeni mwilini: tatu na mbili kugombania ngoma moja tunaijua. Tofauti ni kwamba hapa hazigombani kwa wakati mmoja, zinapokezana zamu.

Makofi yako ya aina mbili. Ya viganja vilivyokunjwa kama unateka maji, yenye sauti ya chini, ni ya wakati mwimbaji anaimba. Ya vidole vitatu juu ya kiganja kilichokazwa, yenye mlio mkali, ni ya wakati wa kufunga. Kazi ya kwanza ya bendi yangu ilikuwa vipindi vitatu vya mazoezi, dakika 20 kila kimoja, makofi tu. Mpiga tuba mmoja alilalamika kwamba hakununua tuba ili aje kupiga makofi. Ndiye sasa anayeshika mzunguko kuliko wote.

Jambo moja liandikeni kwa wino mwekundu: nyumbani ni kumi. Sentensi ya muziki inafika kwenye 10, si kwenye 12 wala kwenye 1. Mtu aliyelelewa na nyimbo za kwaya anataka kutua mwanzoni mwa baa, na hapo ndipo bendi nzima huonekana wageni. Kwenye 11 na 12 mpiga gitaa hujaza kidogo, au huacha kimya. Kwetu sisi wa kupuliza nafasi hiyo ni neema tupu, kwa sababu ndipo pa kuvuta pumzi. Nilipogundua hilo niliacha kuandika alama za pumzi kabisa. Mzunguko unapumua wenyewe.

Kwenye nota, andika baa nne za tatu kwa nne, halafu juu ya mistari weka namba 1 mpaka 12. Usione aibu kuweka namba. Bila namba, macho yanaona robo tatu na midomo inapiga valsi.

Hatua ya 3: Ufunguo utakaowapenda wapulizaji

Gitaa lina mikao miwili mikuu ya ngazi hii. Mmoja unatua kwenye E (A ndogo, G, F, E), mwingine unatua kwenye A (D ndogo, C, B flati, A). Ukiupeleka ule wa E kwenye bendi kama ulivyo, saksafoni za alto zinasomeshwa shapu tatu, na katika mwendo wa kasi vidole vinalia.

Shusha hatua moja, utue kwenye D halisi. Mteremko unakuwa G ndogo, F, E flati, D. Sasa tazama kinachotokea. Klarineti na tarumbeta za B flati zinasoma A ndogo, G, F, E, yaani mkao ule ule wa kwanza wa gitaa, bila shapu wala flati pembeni. Horni za F zinasoma D ndogo, C, B flati, A, yaani mkao wa pili. Alto zinatua kwenye B, zikiwa na shapu moja tu. Siku nilipoliona hilo mezani nilicheka peke yangu kama chizi.

Tahadhari mbili. Kwanza, akodi ya nyumbani ni D kubwa, ina F shapu, lakini wimbo unaposhuka unapita kwenye F ya kawaida. Wapigaji watadhani umekosea kuandika. Waambie ni makusudi. Pili, usiweke A7 kabla ya D. Sisi tuliosoma harmonia ya kanisani mkono unaenda huko wenyewe, na ukiiweka, ladha yote imekwisha. Hapa anayesukuma kwenda nyumbani ni E flati, nusu hatua juu ya D.

Na E flati yenyewe isiwe safi. Mpiga gitaa akishika F hulia pia nyuzi mbili za wazi zinazobaki, ndiyo maana akodi ile ina ukali kidogo. Kwa ufunguo wetu: tuba ishike E flati, tromboni G na B flati, halafu klarineti za tatu zibaki chini na D na A. Vivyo hivyo kwenye akodi ya D unaweza kumpa mtu mmoja E flati kwa sauti ndogo. Mmoja tu. Wakiwa watatu inasikika kama ajali.

Hatua ya 4: Gitaa kwa pumzi

Hapa ndipo nilipotumia miezi. Mkono wa mpiga gitaa unaofungua vidole kimoja kimoja juu ya nyuzi, ule mchakacho, hauwezi kuigwa kwa kuwaambia watu thelathini wapige ndimi haraka. Nilijaribu, tukatoa mlio wa kuku wengi. Kilichofanya kazi ni kuupanga: klarineti ya tatu inaingia, nukta moja fupi baadaye ya pili, nukta moja baadaye ya kwanza, wote wanajazana na kufika pamoja kwenye mkazo, na hapo tarumbeta zenye kizibo zinapiga pigo moja fupi. Msikilizaji hasikii watu watatu, anasikia mkono.

Mistari ya noti moja moja za kasi mpe klarineti ya kwanza na filimbi, wasiunganishe. Kile kidole gumba kinachopiga nyuzi nene juu na chini ni cha klarineti ya besi na saksafoni ya baritoni. (Naam, nimejipendelea.) Yale mapigo ya vidole vya mpiga gitaa kwenye ubao wa chombo chake mpe mpiga kahoni, lile sanduku la kukalia. Kahoni si ya asili hapa. Ilitoka Peru, na mpiga gitaa Paco de Lucía na mpiga ngoma wake Rubem Dantas ndio walioiingiza kwenye flamenco mwishoni mwa miaka ya 1970. Leo utadhani ilizaliwa Triana, mtaa wa flamenco wa Sevilla.

Ngoma ya mtego (snare) iache sandukuni. Ikianza tu, kila mtu anaona uwanja wa mafahali.

Hatua ya 5: Nani ataimba?

Mchezaji wa soleá huchezea ubeti ulioimbwa. Ukipata mwimbaji, mshukuru Mungu na uipunguze bendi mpaka watu sita. Usipompata, chombo kimoja kibebe ubeti, kimoja peke yake, tangu mwanzo hadi mwisho wa ubeti. Kugawa mstari huu kwa obo, ule kwa tarumbeta, kunaua pumzi ya mtu mmoja anayelia.

Mimi nimempa obo. Mtu wa pwani aliyewahi kusikia zumari kwenye ngoma za harusi ataelewa kwa nini: mlio wa puani, unaopenya, usioomba ruhusa. Saksafoni nayo ina historia yake, kwa maana Jorge Pardo alipiga filimbi na saksafoni miaka mingi na kundi la Paco de Lucía.

Ubeti wa soleá una mistari mitatu au minne, kila mmoja wa silabi nane. Malenga mliomo humu mmeshashtuka: ni mizani ya kipande kimoja cha shairi letu. Nilipokwama kuandika mstari wa obo nilijitungia vipande vitatu vya Kiswahili vya mizani nane, nikaviimba jikoni, nikaandika nilichosikia. Madoido usiyaandike yote. Andika noti za msingi, weka mshale pale pa kuteleza, mwache mpigaji aumie mwenyewe. Katikati ya ubeti, wimbo hupenda kuhama kwenda kwenye mwanga: F7 halafu B flati kubwa. Usiuwahishe huo. Ukifika, horni ziingie kwa mara ya kwanza, laini.

Wiki ya Pasaka, mitaa ya hapa inajaa maandamano ya sanamu na bendi nyuma yake. Ghafla mtu juu ya roshani anaanza saeta, wimbo wa kulilia mateso ya Yesu. Msafara unasimama na bendi inanyamaza kabisa, watu mia na shaba zao mikononi, mpaka amalize. Nilijifunza kupanga muziki pale, kwenye kunyamaza.

Hatua ya 6: Andika milango, si barabara

Badala ya kurasa 14, sasa nina ukurasa mmoja na nusu kwa kila chombo. Una visanduku, kila kimoja mzunguko mmoja wa mipigo 12, na vinarudiwa mpaka amri itoke. Kuingia. Ubeti wa kwanza. Mwito, yaani amri ya miguu. Ubeti wa pili. Escobilla, yaani sehemu ya miguu mitupu. Kupanda. Bulería. Kati ya visanduku kuna kimoja kifupi nakiita komeo: D, kimya, pigo kwenye 10, basi.

Mwongozaji asimame ubavu, bendi kushotoni na mchezaji mbele ya macho yake. Mchezaji akianza mwito huchukua mzunguko mmoja au miwili, kisha anafunga. Kwa mwendo wa mipigo 72 kwa dakika, mzunguko mmoja ni sekunde 10 kamili. Mwongozaji anapoona mwito anainua ngumi, maana yake “komeo mzunguko ujao”, na sekunde 10 zinatosha hata kwa mpiga tromboni anayesinzia. Kwenye bulería, mwendo ukiwa 216, mzunguko ni sekunde tatu na kidogo. Hapo ngumi isingoje. Iinuliwe mapema, na anayetazama zaidi awe mpiga kahoni, maana wengine watamfuata yeye kwa masikio.

Mwito wenyewe mnaujifunza kwa macho. Mchezaji aurudie mara kumi, bendi imekaa bila vyombo, kila mmoja apige kofi pale anapodhani ndipo pa kufunga. Mara ya kwanza ilikuwa mvua ya makofi. Mara ya nane, kofi moja.

Hatua ya 7: Miguu isikike

Escobilla ni solo ya ngoma, na ngoma ni viatu. Watu 31 hawana haki ya kuifunika. Mimi nabakisha klarineti ya besi kwenye 10 tu, makofi ya chini ya watu wanne, na baadaye filimbi moja. Hata kahoni nainyamazisha, kwa sababu sauti yake na ya kisigino zinakulana.

Sakafu ndiyo nusu ya chombo. Ukumbi wetu una saruji. Mchezaji alipiga hatua tatu, akavua viatu, akakaa. Saruji haina sauti, tena inavunja magoti. Jumamosi iliyofuata tulinunua plaiwudi mbili nene za futi 4 kwa 8, tukazipigilia juu ya fremu ya mbao iliyoacha uwazi wa kama kiganja chini yake, pembeni tukabandika mpira wa tairi ili isitembee. Maikrofoni moja ikalazwa ndani ya uwazi ule. Aliporudi alipiga kisigino kimoja, akasikiliza, akapiga kingine karibu na ukingo ambako mlio ulikuwa wa juu zaidi, akatabasamu. Tangu siku hiyo anautumia ukingo ule kama ngoma ndogo na katikati kama ngoma kubwa.

Hatua ya 8: Kupanda mpaka bulería

Mwendo unaongezwa na miguu, si na fimbo ya mwongozaji. Tatizo ni la uandishi. Soleá niliiandika kuanzia 1, lakini bulería watu huisikia ikianzia 12: tatu, tatu, mbili, mbili, mbili. Inaandikwa baa ya sita kwa nane ikifuatiwa na baa ya tatu kwa nne, na robo ya soleá imekuwa nusu robo. Ukiunganisha tu, bendi inateleza mpigo mmoja na hairudi tena.

Dawa: mzunguko wa mwisho wa soleá uwe na mipigo 11. Baa tatu za tatu kwa nne, moja ya mbili kwa nne. Mpigo wa 12 unakuwa wa kwanza wa bulería. Hakuna kilichokatwa, mstari wa baa tu ndio umehama.

MASWALI YA WANACHAMA

Mpiga tarumbeta, Mombasa: Mwalimu, sisi ni shaba tupu watu 17, hatuna klarineti wala obo. Tuache?

Msiache. Mjukuu wa beni haachi. Mchakacho wa hatua ya 4 wapeni kornet tatu zenye vizibo. Ubeti mpeni yufonia, si tarumbeta ya kwanza, maana tarumbeta peke yake itageuka pasodoble, muziki wa uwanja wa mafahali, kabla hujafika baa ya tatu. Tuba ipunguzwe iwe moja wakati wa ubeti.

Mpiga kanuni, Unguja: Hii ngazi ninayoisoma hapa si ndiyo Hijazi yetu ya taarabu? Kwa nini msiseme tu?

Sheikh, ni jamaa, si pacha. Hijazi ya D ingekuwa na F shapu muda wote. Hapa F shapu inakaa kwenye akodi ya nyumbani na katika madoido fulani, lakini mteremko wenyewe unapita F ya kawaida. Ukiwapa wapulizaji Hijazi tupu watapiga vizuri sana, na mchezaji atauliza tumefika Misri saa ngapi.

Mwalimu wa bendi ya shule, Dodoma: Programu ya kuandikia nota inanipa metronomu yenye mkazo kwenye mpigo wa kwanza tu. Wanafunzi wanachanganyikiwa.

Izime. Rekodi kwa simu watu wawili wakigonga meza dakika tano, mmoja kwenye mipigo, mwingine katikati ya mipigo, mikazo ikiwa pale pale kwenye 3, 6, 8, 10, 12. Hiyo ndiyo metronomu. Mimi bulería niliishika kwenye zambomba, zile sherehe za Desemba za Jerez ambapo watu hukusanyika uani kuimba nyimbo za Noeli kwa mwendo wa bulería. Hakuna aliyenihesabia. Niliwekwa katikati ya mashangazi wawili wenye mikono mizito.

Mpiga ngoma, Minneapolis: Kasteneti mbona hujazitaja kabisa?

Kwa makusudi, ndugu yangu. Kwenye soleá ya namna hii mikono ya mchezaji iko wazi, vidole vinazunguka, na kutoka mbali mikono hiyo ni nusu ya mchezo. Kasteneti zina nafasi yake, hasa sevillanas na shule ya densi ya jukwaani. Mpiga ngoma akizipiga nyuma ya bendi anakuwa anashindana na visigino, na atashinda, ndiyo tatizo.

Mpiga saksafoni, Muscat: Hapa hatuna mchezaji wa flamenco hata mmoja. Tunaweza kupiga wenyewe kama kipande cha tamasha?

Mnaweza, lakini msirudi kwenye barabara ya kurasa 14. Mteueni mmoja wenu avae viatu vigumu, asimame juu ya ubao, atoe miito kwa miguu hata kama hajui kucheza. Mapigo manne tu yanatosha. Komeo lifuate miguu yake. Mtaona jinsi bendi inavyokaa mkao tofauti kwenye viti ikijua kwamba hakuna ajuaye mzunguko wa mwisho ni upi.

Dada wa filimbi, Nairobi: Swali langu si la muziki. Hawa wenyewe hawatuoni kama wezi?

Dada, swali ni la muziki pia. UNESCO iliiandikisha flamenco kwenye orodha ya urithi wa binadamu Novemba 2010, na kikao chenyewe kilifanyika huko huko kwenu Nairobi. Lakini karatasi haifuti kwamba muziki huu umebebwa na familia, nyingi za Wagitano (Waroma wa Hispania), katika mitaa kama Santiago na San Miguel hapa Jerez. Hesabu na miteremko ni ya wote. Falseta, kile kipande cha gitaa katikati ya beti, ya mpiga gitaa anayejulikana ina mwenyewe, usiinukuu kwenye nota zako bila ruhusa. Na mlipe mchezaji kwanza, kabla ya nauli ya tuba. Yule mama aliyetusubiri tumalize baa nne, hatukumlipa siku ile, tulimpa soda. Nikikumbuka naona haya.

Mwalimu wa bendi ya shule, Dodoma: Narudi tena. Ule mzunguko wa mipigo 11 tumeujaribu leo. Nusu ya bendi imeingia bulería, nusu imebaki soleá, tukawa kwenye mzunguko mmoja makundi mawili.

Hiyo hutokea kwa kila mtu, hata kwetu. Fanyeni hivi kesho: kwenye mpigo wa pili wa ile baa ya mbili kwa nne, ondoeni wote isipokuwa kahoni. Kumi, wote wamefunga. Moja, kahoni peke yake. Kisha pigo la 12 wote wanaingia pamoja, pumzi imeshavutwa. Wakiendelea kupotea, wasomeshe “KUMI, moja, TWENDE” kwa mdomo mara ishirini. Sisi tunalipiga hivyo hivyo mpaka leo, na neno “TWENDE” limewakaa Wahispania 30 midomoni, hakuna hata mmoja anayejua ni Kiswahili.